Ubani wa Mji wa Firauni

Mie si mtu wa kuamini watu haraka, na nilikuwa hivyo hata kabla ya mambo ya Firauni. Nilipiga taipu kwenye ofisi ya mkonge tangu nikiwa msichana, mpaka asubuhi moja tukaitwa uani, tukaambiwa shirika limepata mwekezaji na kwamba tusiwe na wasiwasi. Basi palepale nikaanza kuwa nao. Kufumba na kufumbua mwekezaji kaja na makarani wake, na sie tuko nje ya geti na barua za kutushukuru. Mafao yetu, wakasema, yako njiani. Hiyo njia sijui ilipitia wapi, maana Tanga hayakufika.

Aliyenitoa kwenye kukaa bure ni tajiri mmoja Mhindi, Muislamu, mtu wa makamo. Duka lake la vitenge karibu na soko lilikuwa limekufa kwa mitumba. Nani atanunua jora na gauni zima la Ulaya linatandazwa chini kwa bei ya kitambaa? Akauza mabaki, akang'oa makabati, akaagiza kompyuta zilizokwisha tumika, zile zenye migongo mikubwa, akaandika mlangoni kwa rangi ya kijani INTANETI. Ukutani mlibaki harufu ya nguo mpya. Akanitafuta mie kwa sababu nilijua taipu na nilijua Kiingereza cha barua za ofisi.

Kazi yangu ilikuwa kuwasha mashine, kuwafungulia barua pepe wasiojua, kuwaambia watu muda wenu umekwisha jamani inukeni, na kushika funguo. Mshahara huo ndio uliokuwa ukimlisha mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imemkataa, pamoja na wanangu ambao baba yao alikwenda Dar kutafuta kazi akaipata na mke mwingine. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini niliumia vile kwa sababu ya mchezo.

Mchezo wenyewe hukuuwekea kanda wala sahani. Ulifungua mtandao, ukaandika jina, na hapohapo ukapewa kiwanja kando ya Mto Nili, katika Misri ya kale. Ulianza na vibanda vya udongo. Ukalima ngano, ukafyatua matofali, ukajenga ghala, ukazungusha ukuta, na watu wakahamia kwako. Kila mji mwingine uliouona mtoni ulikuwa na mwenyewe, mtu kweli, aliyekaa mbele ya mashine mahali fulani duniani. Aliweza kukuletea mashua ya ngano, na aliweza kukuletea jeshi. Na ukiondoka kwenye mashine, mji haukulala. Watu wako waliendelea kula, na ngano ikiwaishia walihama.

Sie tuliuita Firauni tu. Mama yangu alipolisikia jina alinizodoa mpaka nikakoma. "Wenzio wanamwomba Mungu awaepushe na Firauni, wewe kila asubuhi unakwenda kumfungulia mlango!"

Aliyeuleta ni mwanafunzi mmoja wa chuo, akahitimu akaenda zake, lakini alikuwa ameshawaambukiza watu wazima. Siku hizo mjini mlijaa wanaume waliokuwa na ujuzi na hawana pa kuupeleka. Mkubwa wao alikuwa fundi mitambo, jirani yetu Ngamiani, mtu wa kumwamkia shikamoo. Kiwanda chake kiliuzwa, na mashine alizozitunza ujana wake wote zikakatwa vipande zikapakiwa kama chuma chakavu. Alisimama getini akatazama mpaka gari la mwisho likaondoka. Baada ya hapo alikuwa akija kwetu kila siku, amepiga pasi shati, kama mtu aendaye zamu. Ukimwita Firauni alikasirika. "Mie mtunza ghala," akasema. "Yusufu naye alikuwa mtunza ghala." Na kweli ghala lake lilikuwa kubwa kuliko yote upande wetu wa mto, na ukuta wake hapakuwa na mtu aliyeuvunja.

Wengine walikuwa makarani wasio na ofisi na mnunuzi wa pweza wa Kigombe, mtu wa kelele, aliyeingia akishamaliza kukabidhi mzigo wake, na kibodi niliifuta kwa ndimu akishaondoka. Na mie nilikuwa na kamji kangu. Kadogo, lakini kasafi. Tulifanya muungano, fundi akawa mkubwa wetu, na kwa muda mambo yakawa mazuri.

Halafu tukaanza kuvamiwa, na kila mara ilikuwa Magharibi. Adhana ikipigwa wanaume walitoka kwenda msikitini pale kona, mie nikabaki na mashine kwa sababu tajiri hakutaka pabaki patupu. Nilikuwa nikiswali chumba cha nyuma wakisharudi. Basi wakirudi wanakuta ghala la huyu limechomwa, la yule limebebwa. Mara ya kwanza walimlaani adui. Baadaye fundi akanitazama, akatazama saa ya ukutani, akanitazama tena.

"Adui anajua tunaposwali," akasema.

Nikawaeleza, jamani, mchezo wenyewe unaweka taa ndogo kando ya mji mwenye mji akiwa amekaa kwenye mashine. Mataa ya muungano mzima yakizimika kwa mpigo, hata mwizi mjinga atajua hakuna mtu. Nilisema jambo la wazi kabisa. Mnunuzi wa pweza akacheka kwa pua. "Mpelelezi hakosi maelezo," akasema.

Ebo! Mie mpelelezi! Wa nani, na wanilipe nini, ngano ya kwenye kioo? Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Wakawa wanahama meza zilizo karibu nami. Wakipanga mambo yao wanainamiana, nikipita wananyamaza na kuanza kuzungumzia mpira. Na mie, kwa kuwa sikuzaliwa jana, nikaanza kuwashuku wao. Nilikuwa nikipitisha ufagio mahali pasipo na vumbi, ilimradi nione nani anamwandikia nani. Yule wa pweza alikuwa akichekelea peke yake mbele ya kioo, na mtu anayechekelea peke yake simpendi. Kumbe huko duniani ana mwanamke wa Brazili anaandikiana naye, basi, kwa Kiingereza ambacho wote wawili hawakijui. Hilo nililigundua na nikalikalia kimya, maana na mie nilitaka niwe na siri yangu.

Tukawa tumekaa hivyo, kila mmoja na jicho lake la pembeni, ndipo mama yake fundi akafariki kwao Tongoni.

Tulikwenda kuzika. Ugomvi ni ugomvi na msiba ni msiba. Wanaume walikwenda makaburini, mie nikakaa na wanawake nikachambua mchele, na nilipompa fundi mkono wa pole alilia begani kwangu kama mtoto. Nilimhurumia, wallahi. Mtu aliyekwisha poteza kiwanda, sasa mama. Akabaki Tongoni kukaa matanga, sie tukarudi mjini.

Asubuhi yake nilipofungua duka nikautazama mji wake kutoka kwenye kamji kangu. Ghala linashuka. Watu aliowakusanya ni wengi, wanakula, na mwenye kulima hayupo. Pakipita siku chache tu wataanza kuhama, na adui ataukuta ukuta hauna mtu. Kwetu mtu akifiwa huendi mikono mitupu. Unatoa ubani, ulichojaliwa, kimyakimya, kwa sababu mfiwa hana nafasi ya kutafuta. Kila mtu wa pwani hii analijua hilo kabla hajajua kusoma. Basi walipofika wenzangu nikawaambia, "Jamani, mtu kafiwa na nyumbani kwake kuna njaa. Tutakaa tunatazama?"

Hakuna aliyebisha. Hata wa pweza, na mdomo wake wote, aliachia nusu ya ghala. Mashua zikaondoka kwenye miji yetu yote kuelekea mji mmoja, zimefuatana mtoni, na kila mmoja akaambatisha maneno yake: Mungu amlaze mama mahali pema. Mie nilitoa mpaka nikabaki na mbegu. Jioni ile watu walinipa kwaheri kwa jina langu tena, na nilirudi nyumbani nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu.

Fundi alirudi baada ya matanga kuanuliwa. Amekonda, shati halina pasi. Nikamwashia mashine mwenyewe. Badala ya mto na ukuta wake pakatokea kioo cheupe na maneno ya Kiingereza. Wenzake wakafungua ya kwao: cheupe. Nikafungua ya kwangu: cheupe vilevile.

"Kimeandikwa nini?" fundi akauliza.

Nikamsomea kama kilivyo, maana ndivyo nilivyofundishwa, barua ya mtu huipunguzi. Wasimamizi wa mchezo, huko kwao Ulaya, wamegundua kuwa miji hii yote inaendeshwa na mtu mmoja aliyejifanya watu wengi. Kwa hiyo imefungwa yote.

Nilipofika mwisho nikaona nimejichimbia shimo. Wote wakageuka kunitazama, feni inazunguka juu yetu.

"Mtu mmoja," fundi akasema polepole. "Na mtu anayekaa na mashine zote hizi sie tukiondoka, ni nani? Neno la siri la mji wangu, zaidi yangu mie, analijua nani?"

Ni kweli nililijua. Fundi hakujua kuandika kwa mashine, mji nilimfungulia mie. Wengine nao nilikuwa nimewasaidia hivyohivyo, na kila mmoja akawa analikumbuka hilo wakati uleule. Nikaapa. Nikapandisha sauti, na mwanamke akipandisha sauti mbele ya wanaume wanaomshuku, ndio amemaliza kazi yao. Wa pweza akasema kumbe hata ngano tuliyochanga ilikuwa ujanja wa kuikusanya yote kwenye mji ambao neno lake la siri ninalo mie. Astaghfirullah! Ubani wangu!

Tajiri akatoka chumba cha nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akajipapasa ndevu, akasema, "Dada, nipe funguo. Kapumzike nyumbani mpaka tujue mambo yamekaaje."

Nazijua pumzika za matajiri. Na Tanga ni mji mdogo: hao wenye maduka wanaswali pamoja, wanaoana, wanazikana. Ofisi ya mkonge ilinitoa kwa barua, na barua unaweza kuichana. Hapa nilikuwa natolewa kwa jina la mwizi, na mwanamke mwenye jina hilo haitwi hata kufua nguo. Nilitembea mpaka nyumbani sioni njia.

"Umeiba nini?" mama akauliza.

"Wanasema nimeiba miji."

"Miji gani?"

"Ya Misri."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaona uso wangu, akavuta ncha ya kanga akajifuta macho. "Na wanao watakula nini?" akasema.

Asubuhi nikavaa vizuri, nikaenda kulekule, nikakaa kwenye mashine kama mteja. Tajiri akanitazama, akaandika saa niliyoanza. Nikatafuta masharti ya mchezo, yale marefu ambayo sote tulibonyeza tumekubali bila kuyasoma, na mie mpiga taipu nikiwa wa kwanza kubonyeza. Nikasoma neno kwa neno, kidole juu ya kioo. Nikalikuta. Miji inayochezwa kutoka mahali pamoja, kwenye laini moja ya mtandao, hairuhusiwi kupelekeana mali. Ikipelekeana, na mali yote ikaishia kwenye mji mmoja, huo ndio ushahidi kwamba mwenyewe ni mmoja, anajilisha mwenyewe.

Huko kwao kila mtu ana kompyuta yake chumbani. Hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mji ambao watu wote wenye miji ya Misri wamejazana kwenye duka moja la vitenge lililokufa. Wala hawakujua ubani ni nini.

Walipokuja nikawasomea. Nikawaonyesha tarehe za mashua zetu na saa tuliyofungiwa. Makarani wakaelewa, nikaona aibu inawapanda. Wa pweza akajipiga kipaji cha uso. "Kwa hiyo ubani ndio uliotufunga?" Fundi yeye akabaki ananitazama.

"Na nani aliyewaambia wachange?" akauliza.

"Mie!" nikamjibu. "Mie, kwa sababu mama yako alikufa! Ulitaka ukirudi ukute magofu?"

"Sikuomba."

"Ubani huombwa?"

Nikawaandikia wasimamizi kwa Kiingereza changu bora kuliko vyote, cha barua za ofisi. Nikawaeleza kwamba sie ni watu wengi, kwamba tuna mashine za kugawana, kwamba mwenzetu amefiwa na huku kwetu mfiwa hupelekewa chakula. Jibu lao lilikuja kesho yake, la adabu. Wanatupa pole kwa msiba. Lakini hawana namna ya kujua kama sie ni wengi. Mwenye miji hii akikiri kuwa ni yake, akachagua mmoja, huo watamfungulia bila ile ngano iliyopelekwa, na mingine itafutwa. Asipokiri, itafutwa yote.

Hapakuwa na mabishano juu ya mji wa kubaki. Wote wakasema wa fundi. Kamji kangu hakuna aliyekaulizia, na wala sikukataja. Tatizo likawa ni nani atakayekiri.

"Fundi, mji ni wako," nikasema. "Nitakuandikia, tutaweka jina lako."

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mama yangu bado hajatimiza arobaini. Siwezi kuandika uongo." Akasita, akashusha sauti. "Andika wewe. Wewe ndiye unayejua lugha yao."

Lo! Yaani mtu ameniita mwizi mbele za watu, tajiri kaninyang'anya funguo, na sasa anataka niandike kwa mkono wangu kwamba ni kweli, mwizi ni mie. Uongo wake una arobaini, wangu hauna kitu. Nilitaka kuinuka niondoke, waache wafutiwe Misri yao nzima. Lakini nilimwona amekaa mbele ya kile kioo cheupe, mikono juu ya magoti, na nikajua ndivyo alivyosimama kwenye geti la kiwanda. Hakuwa na kitu kingine.

"Nitaandika," nikasema. "Lakini kwanza utamwambia tajiri, hapa, mbele ya kila aliyenisikia nikiitwa mwizi."

Tajiri akaitwa. Fundi akasimama, akakohoa. "Huyu hakuiba," akasema. "Ilikuwa sheria ya mchezo." Alilisema akitazama feni. Lakini alilisema, na tajiri akaingiza mkono mfukoni akanirudishia funguo mbele yao wote.

Nikakaa, nikaandika. Miji yote ni yangu. Niliiendesha peke yangu kwa majina ya watu wengine. Nasikitika. Naomba mnirudishie huu mmoja. Nikaweka jina langu kamili, lile la kwenye cheti, nikabonyeza kabla sijabadili nia. Baadaye wenzangu wakaona kwenye vile vioo vyeupe majina ya miji yao yakifutika moja baada ya jingine. Wa pweza akasema haidhuru, akatoka nje akakaa barazani peke yake.

Mji wa fundi ulifunguliwa baada ya Alasiri. Mto ukarudi, ukuta ukarudi, ghala karibu tupu lakini limesimama, na watu wachache waliobaki wanatembea ndani. Wenzangu wakapiga makofi. Nikasogea nisimame nyuma ya kiti chake, nione na mie. Nilijisikia kana kwamba ni wangu kidogo.

Fundi akageuka. "Samahani, mwanangu," akasema. "Nataka kubadili neno la siri."

Nikasubiri anitajie herufi nimwandikie. Yeye akavua kofia yake, akaifunika juu ya kibodi, akaingiza mkono chini yake, akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja, akipapasa, macho yake yote mawili yakiwa kwangu. Ilimchukua muda mrefu sana. Nikageuka, nikatazama barabarani mpaka alipomaliza.